Ukurasa wa Pili

Karanga za shilingi mia tano,
moto bado, chumvi inashika vidole,
na karatasi iliyozifunga, mwandiko huu naujua.
Wino huu mwekundu ni wangu.
"Fafanua," nimeandika pembeni. Chini yake tena, "Fafanua."
Na kwenye kona, hamsini na nane, nimeizungushia duara
kama mtu anayefunga mbuzi kwenye kigingi.

Chuo huuza insha kwa kilo kila Desemba.
Nilijua. Sikuwahi kuuliza zinakwenda wapi.

"Mwalimu," akasema Mama Safina, kopo la kupimia mkononi,
"hiyo ya tanuri la tumbaku nimeisoma.
Baba kalala, mtoto kaachiwa kulinda moto,
mvua inakuja kutoka upande wa Kongo,
halafu karatasi imekwisha.
Moto ulizimika, au haukuzimika?"

Soko zima la Arua lilikuwa likipiga kelele
na mimi sikuwa na jibu.
Nilihesabu makosa kumi na saba katika insha ile.
Moto sikuuona.

Nikamtafuta Candiru, sasa yuko mwaka wa tatu.
Nikamkuta bombani, anafua.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Ukurasa wa pili haukuwa na kitu, Mwalimu.
Ulitaka kurasa mbili, nikajaza:
kwa kuhitimisha, tumbaku ina faida na hasara.
Nani angeuliza habari za moto?"

Yupo aliyeuliza, nikamwambia.
Anauza karanga. Anasubiri.

Akaandika. Mara ya kwanza alileta maneno makubwa,
ameyavaa kama koti la kuazima.
Mara ya nne akalivua.
Mara ya saba, saa nne usiku, akagonga mlango wangu
kwa ajili ya nukta moja:
ikae kabla baba hajaamka, au baada?
Miaka kumi na moja nafundisha nukta.
Hakuna aliyewahi kuniamsha kwa ajili yake.

Tukachapa nakala mia mbili
kwa Onzima, nyuma ya stendi, mashine ikikohoa,
umeme ukikatika kwenye ukurasa wa tisa.
Insha sita. Ayikoru na deni la baiskeli.
Drani na kaka yake aliyerudi kutoka Juba
akakaa mwezi mzima hasemi.
Kila jarida pini mbili, moja imepinda.

Wiki ya pili akaja mkulima kutoka Maracha,
kofia mkononi, akasimama mlangoni mwa darasa.
"Aliyeandika tanuri ni nani?
Jani haligeuki njano usiku wa kwanza, binti yangu.
Ni wa pili.
Mengine yote ni kweli,
hata lile daftari la shule ulilochana kuwashia moto tena.
Langu lilikuwa la hesabu."

Candiru akaandika kwenye kiganja: wa pili.
Darasa likanyamaza,
na mimi nikakaa, kwa mara ya kwanza,
kwenye dawati la nyuma.

Mwaka huu wageni hawaulizi kurasa ngapi.
Wanauliza nani atasoma.
Wanapokonyana penseli juu ya aya moja,
wanasomeana kwa sauti hadi sentensi mbovu ione aibu yenyewe,
na chupa yangu ya wino mwekundu
imekauka tangu Machi, sijanunua nyingine.

Mama Safina nakala yake kaiweka chini ya mkebe wa pesa.
Karanga anazifunga kwa magazeti ya siasa.
"Hii siifungii kitu," anasema. Halafu, akipima:
"Yule wa Juba. Baadaye alisema nini?"

Na shairi hili nimelipeleka kwa wahariri, kama mtu yeyote.
Wamelirudisha mara mbili.
Mara ya kwanza, kwa penseli, mwandiko wa Candiru:
"Fafanua."
Mara ya pili, kando ya ubeti wa mwisho:
"Hapa unahubiri, Mwalimu. Futa."

Nimefuta.